Munganga aliyefuata manganezi mpaka ndani ya ubongo wa mchimbaji



Kuna dawa inayoitwa levodopa. Popote mu dunia, mzee akianza kutetemeka mikono, kutembea hatua fupi-fupi, na uso wake kukauka bila kucheka wala kukasirika, munganga anaifikiria hiyo kwanza. Iko mu liste ya OMS ya dawa za lazima. Wengi wanaoimeza kila asubui hawajui kwamba njia ya ile dawa ilipita mu shimo la mine, ku wachimbaji wa manganezi wa Chile. Sisi wa sindika tumeona vema ile habari ifike ku camp zetu, juu wale waliokubali miili yao ipimwe walikuwa watu wa koleo na mashini ya kutoboa sawa sisi, na juu kile kilichoonekana kwao kinatusaidia leo, wakati tunabishana na ofisi juu ya ugonjwa wa kazi.

Munganga mwenyewe anaitwa George Cotzias. Alizaliwa 1918 mu kisiwa cha Krete, Ugiriki, mtoto wa watu wa heshima: baba yake alikuwa mkubwa wa muji wa Athene. Vita ikamkuta mu masomo ya unganga. Mu 1941 Wajeremani wakaingia Athene, na jamaa yake ikakimbia mpaka Marekani. Lugha ya huko alikuwa anaibabaisha tu, na masomo makubwa kadhaa yakamfungia mlango. Harvard ikamkubali, na mu 1943 akamaliza. Wale kati yetu waliofukuzwa na vita wakaanza kazi upya mu muji wa wengine, hatuna haja ya kuwaeleza ile ni nini.

Mu miaka ya 1950 akaingia ku Brookhaven, laboratware kubwa ya serikali, ku Long Island, karibu na New York. Ile nyumba ilijengwa kisha vita juu ya kutumia nguvu ya atomu mu kazi ya amani. (Sisi wa Likasi tukisikia atomu tunakumbuka Shinkolobwe palepale, lakini ile ni habari ingine, siku ingine.) Kitu Cotzias alikitaka pale kilikuwa kidogo: metali zilizofanywa ziwe na mwanga wa atomu, kiasi cha chini sana, ambazo mtu anaweza kuzipokea mu mwili na mashini ikazifuata inje, sawa vile mchungaji anafuata ngombe mwenye kengele ku shingo. Unajua imeingia wapi, imekaa siku ngapi, imetokea wapi. Akachagua manganezi.

Manganezi si sumu tu. Mwili unaihitaji, kidogo sana, na tunaipata mu maharagi, mu chai, mu majani tunayokula. Ikipita ku mdomo, tumbo linachukua sehemu ndogo, na maini inasukuma ile inayozidi itoke pamoja na nyongo. Cotzias alionyesha vile mwili unavyojipima: manganezi ikiongezeka, unaharakisha kuitoa. Mlinzi mzuri. Shida ni vumbi na moshi. Ile inayoingia ku pua na mapafu haisimami kwanza mbele ya mlinzi. Inashuka mu damu na kufika ku ubongo. Njo maana mtu anakula maharagi miaka sitini bila kitu, na mwenzake anaharibika kisha miaka michache ya kutoboa jiwe kavu.

Ule ugonjwa haukuanza na Cotzias. Mu 1837 munganga mmoja wa Glasgow, John Couper, aliandika juu ya wafanyakazi watano waliokuwa wakisaga jiwe jeusi la manganezi. Miguu ililegea, sauti ikashuka, wakawa wanatembea wameinama mbele. Aliwaondoa mu vumbi, lakini wale walioharibika zaidi hawakupona. Yaani karibu miaka mia mbili sasa wakubwa wa kazi wanaweza kusoma ile habari. Mu 1955 munganga Rodier akaandika juu ya wachimbaji wa Maroko, na wengi wa wagonjwa wake walikuwa watoboaji, wale wanaosimama na mashini mbele ya ukuta wa jiwe.

Wachimbaji wa Chile walikuwa na jina lao: wazimu wa manganezi. Na ni jina la haki, juu ugonjwa unaanza mu roho mbele ya kushuka mu miguu. Mtu anacheka bila sababu, analia bila sababu. Usingizi unapotea. Anakimbia-kimbia, anagombana na muke, anaona vitu visivyokuwako, nguvu ya kiume inaisha. Jirani wanasema amelewa, ao amelogwa. Kisha miezi, ile fujo inatulia na familia inashukuru Mungu; lakini kule kutulia ni ugonjwa kuingia ndani zaidi. Uso unakauka. Sauti inakuwa ya chini, maneno yanagongana. Ukimsukuma kidogo ku kifua anaanguka kinyumanyuma bila kuweza kujishika. Na mwendo: anatembea juu ya vidole vya miguu, mgongo wima, viwiko vimekunjwa, sawa jogoo. Wanganga wenyewe wanauita mwendo wa jogoo. Akili ya kuwaza inabaki karibu nzima, ni ile inayoumiza zaidi. Mtu yuko mule ndani anaona yote.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Cotzias akaacha mashini zake za Marekani akaenda kule kwenye wagonjwa, mu kaskazini ya Chile, ku milima kavu ya Andacollo, kufanya kazi pamoja na wanganga wa inchi ile, kati yao Ismael Mena. Wakaweka makundi mawili mbele ya mashini. Kundi moja wachimbaji wazima, ambao bado wako mu kazi, wanakula vumbi kila siku. Kundi lingine wachimbaji wa zamani, wenye ugonjwa, ambao walishaacha mine.

Wandugu, hapa tunaomba msome polepole. Mtu yeyote angefikiri kwamba wagonjwa njo wenye manganezi nyingi mu mwili. Ilikuwa kinyume. Wachimbaji wazima njo walikuwa wamejaa ile metali, na mwili wao ulikuwa unaikimbiza haraka-haraka. Wagonjwa walioacha mine miezi na miaka, metali ilikuwa imeshatoka. Mwili wao ulikuwa karibu sawa wa mtu ambaye hakuona mine hata siku moja. Lakini mwendo wa jogoo ulibaki. Uso uliokauka ulibaki. Manganezi iliingia, ikavunja, ikaenda zake.

Ile karatasi ilitoka 1968, mu gazeti la wanganga wa mishipa na ubongo. Tunajua munganga wa kampuni akipima damu ya mtu aliyeacha kazi miaka mitatu, akasema "damu iko safi, si ugonjwa wa kazi", faili inafungwa. Kwa manganezi, damu iliyo safi leo haisemi kitu juu ya jana. Hata mashini ya IRM, ile inayopiga picha ya ubongo, inaweza kuonyesha alama ya kung'aa wakati mtu bado anavuta vumbi, na ile alama inafifia kisha miezi, wakati mtu mwenyewe hajapona. Kitu kisichofutika ni kazi aliyoifanya: wapi, ku poste gani, tangu siku gani mpaka siku gani. Kama imeandikwa.

Tuendelee na Cotzias. Kuangalia wale wachimbaji kulimsumbua, juu walifanana sana na wazee wenye ugonjwa wa Parkinson, ule ambao James Parkinson wa London aliuandika 1817. Ule haupatikani mu mine tu. Unashika mtu wa ofisi, mwalimu, mama wa soko. Ubongo una sehemu ndogo yenye rangi nyeusi, na kwa mwenye Parkinson ile sehemu inapauka, chembe zake zinakufa. Cotzias alikuwa anajua kwamba manganezi inapenda kukaa mahali penye rangi nyeusi mu mwili. Akawaza: shida ni rangi inayopotea, basi turudishe rangi. Akajaribu kwanza dawa ya kuongeza weusi mu mwili, sindano za homoni. Wagonjwa wakatetemeka zaidi. Hakuficha ile, aliiandika. Akajaribu njia ingine, kitu kinachoitwa dopa, juu mwili unatengeneza ile rangi kutoka ku dopa.

Mawazo yake juu ya rangi hayakusimama. Dopa ilisimama, lakini kwa sababu ambayo wengine walishaiona. Mu 1957 Arvid Carlsson wa Sweden alikuwa amelegeza sungura na dawa moja mpaka wakalala sawa wafu, halafu akawapiga dopa, wakainuka. Mu 1960 Oleh Hornykiewicz mu Vienna alipima ubongo wa watu waliokufa na Parkinson akakuta wamepungukiwa sana dopamini, kile kitu ubongo unatumia kupeleka amri ya mwendo. Dopamini yenyewe haivuki kutoka damu kuingia ubongo. Dopa inavuka, na kule ndani inageuka dopamini. Wa Vienna wakapiga sindano kidogo, wagonjwa wakaamka kwa masaa, wakarudi chini. Wengine mu inchi mbalimbali wakajaribu, wakaona wagonjwa wanatapika tu, wakaacha.

Cotzias hakuacha. Tunaona ujuzi wake mkubwa ulikuwa pale, na haukuwa wa vitabu, ulikuwa wa kuvumilia. Aliwaweka wagonjwa ndani ya lopitalo ya Brookhaven, kwa wiki na miezi. Alianza na kipimo kidogo sana, akaongeza kidogo, akangoja tumbo lizoee, akaongeza tena. Alifika ku vipimo ambavyo wenzake hawakuthubutu, mpaka gramu 16 kwa siku. Mu 1967 akatoa matokeo ya wagonjwa 16: wanane kati yao walibadilika sana, watu waliokuwa wamekakamaa wakatembea tena. Lakini damu ya wengine iliharibika, na ile dopa ya kwanza ilikuwa mchanganyiko wa aina mbili, moja haina kazi ubongoni. Akatumia aina moja tu, ile tunayoita levodopa, na mu 1969 akaonyesha wagonjwa 28: wote walipata nafuu, wengine kidogo, wengine ya kushangaza. Ule mwaka wakampa tuzo la Lasker, kubwa sana Marekani kwa mambo ya unganga. Mu 1970 serikali ya Marekani ikakubali dawa iuzwe. Aliandika pia ubaya wake: mwili wa wengi ulianza kucheza wenyewe, mikono na kichwa kuzunguka bila kutaka. Ubaya ule uko mpaka leo kwa wanaoimeza miaka mingi, na dawa haizuii chembe za ubongo kuendelea kufa. Inarudisha mwendo, hairudishi afya. Leo wanaichanganya na dawa ingine, karbidopa, juu ya kipimo kipungue na tumbo lipumzike.

(Vijana wataalamu wa miti mtasema: na upupu je, ile mmea inayowasha ngozi? Ni kweli, mbegu ya upupu ina levodopa ndani. Lakini kiasi chake hakijulikani mbegu ku mbegu, na Cotzias mwenyewe alihitaji miezi na lopitalo kupata kipimo. Msiwapikie wazee.)

Na wachimbaji? Ile tulitaka kuijua sisi kabla ya tuzo. Cotzias na Mena walirudi kwao. Mu 1970 waliandika juu ya wagonjwa sita wa manganezi waliopewa dawa: watano levodopa iliwasaidia, miili ikalegea, mwendo ukarudi kidogo. Mmoja ilimfanya vibaya, na alisaidiwa na dawa ingine. Kama habari ingeishia pale ingekuwa nzuri sana: mchimbaji alimwonyesha munganga njia, munganga akarudi na dawa. Lakini wanganga wa Taiwan, walipofuata wafanyakazi wa uzini ya kuyeyusha manganezi, walikuta levodopa haiwasaidii kwa muda mrefu. Karatasi yao ni ya 1994. Sababu leo inaeleweka: manganezi inavunja hasa sehemu ingine ya ubongo, ile inayopokea na kupitisha amri, si ile nyeusi inayotengeneza dopamini. Kuongeza maji ku tanki hakusaidii kama bomba la chini limepasuka. Basi mamilioni ya wazee wa dunia wanatembea juu ya dawa iliyopita ku wachimbaji, na wachimbaji wa manganezi wenyewe njo inawasaidia kidogo kabisa. Dawa yao ya kweli bado ni ile ya 1837: kutoka mu vumbi mapema, mbele ubongo haujavunjika.

Sasa mtu wa Kolwezi ao Kipushi atauliza: sisi ni wa shaba na kobalti, manganezi inatuhusu nini? Inatuhusu ku ateliye. Mataya ya konkaseri, zile sahani nene zinazovunja jiwe, ni chuma chenye manganezi nyingi, karibu kilo 12 ao 13 mu kila kilo 100. Zikilika, soudeur anazijaza, na bageti za kuzijazia zina manganezi pia. Moshi unaotoka pale ni mwembamba kuliko vumbi, unashuka ndani kabisa ya mapafu. Soudeur akifanya ile kazi inje, upepo ukipita, si sawa na yule aliyeingia ndani ya tanki ao ndani ya konkaseri yenyewe, bila mashini ya kunyonya moshi, na masiki ya kitambaa. Masiki ya kitambaa hailinde ku moshi wa chuma, wandugu. Hata kama ni mpya. Hata kama chef amesaini ameitoa.

Tunamjua soudeur mmoja, baba wa watoto sita, uzini hatuitaji. Alianza kugombana ku kazi, kisha kuanguka. Walimwandikia barua tatu za onyo: ulevi. Yeye ni mtu wa kanisa, hanywi. Hatusemi kwamba ni manganezi, sisi si wanganga, na kuna magonjwa mengi yanayofanana. Tunasema kwamba mu faili yake yote, kurasa zaidi ya thelathini, hakuna munganga hata mmoja aliyeandika neno soudeur.

Na inatuhusu ku Kisenge. Kule Dilolo, karibu na mpaka wa Angola, inchi yetu ilichimba manganezi kwa miaka, treni zikaipeleka Lobito ku bahari, mpaka 1975 vita ya Angola ikafunga njia. Waliokuwa vijana ule mwaka wana miaka sabini na kupita. Wengine wako mu camp zetu, ku nyumba ya watoto. Leo ile metali inatafutwa tena, juu ya batri za motokari zinazotumia kobalti yetu pamoja na manganezi, na vijana wetu wakiitwa kwenda kule, waende wakijua ya kuuliza: maji ya kulainisha vumbi iko ku mashini ya kutoboa? Masiki iko na filtre? Munganga anapima mwendo na usingizi, ao anapima damu tu?

Kwa upande wa sheria, Shirika la Kazi la Dunia, OIT, limeweka magonjwa ya manganezi mu liste yake ya magonjwa ya kazi. CNSS, ile wazee bado wanaita INSS, ina tawi la ajali na magonjwa ya kazi, na tunalipiwa kodi yake kila mwezi. Mlango uko. Kinachokosa ni ushahidi.

George Cotzias alikufa mu Juni 1977, New York, na kansa ya mapafu, akiwa na miaka 58. Mu karatasi zake wachimbaji wa Andacollo hawana majina, kama ilivyo desturi ya lopitalo. Wako kwa umri, miaka ya kazi na kazi waliyoifanya. Ile safu ya mwisho, kazi waliyoifanya, njo tunaitafuta kwenu.

Basi kama ku nyumba kuna mzee aliyepita Kisenge, ao baba aliyekuwa soudeur, ao muguyi wa siku mingi anayetembea vibaya na hamjui sababu, msitupe kitu: karte ya kazi, karatasi za mshahara hata zilizoliwa na panya, barua ya kuhamishwa poste, picha akiwa mu nguo za kazi na tarehe nyuma. Andikeni pembeni mwaka gani alianza kubadilika, na nani aliona wa kwanza; mara mingi ni mama wa nyumba. Delege wa kila camp atapokea na kufanya kopi, orijinali inabaki kwenu.